Sifa za Tiyo ya Depresyo

Lubumbashi husifiwa kwa shaba, na lile bomba refu la moshi la Gécamines, pamoja na mlima wa masalio ulio kando yake, limeshapigwa picha mpaka limezoea. Sina ugomvi nalo. Ila kuna bomba jingine mjini humu, la mpira, jeusi, jembamba kama kalamu, refu kama kiganja na nusu, ambalo halijapata hata shairi la harusi. Mimi mwenyewe nimelidharau miaka mingi. Leo nimekuja kutubu hadharani.

Mafundi wetu, waliorithi Kifaransa cha karakana, huliita tiyo ya depresyo. Madaktari nao hutumia neno hilohilo kwa ugonjwa wa moyo mzito, na baada ya miezi minne ya kuishi na tiyo hii nimeridhika kwamba lugha haikukosea.

Kazi yake ni kubeba utupu. Injini inapovuta pumzi huku kile kipepeo kinachoziba njia ya hewa kikiwa kimefungwa, nyuma ya kipepeo hubaki ombwe, na tiyo hizi hulisambaza kwa wenye shida nalo. Ile nene kama kidole gumba huenda kwenye servo ya breki. Nyingine hunyonya mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini, nyingine mvuke wa petroli unaotoka tangini. Ile nyembamba, malkia wangu, huenda kwa kapteri, kihisi kinachouambia ubongo wa gari mzigo ni kiasi gani. Mwaka 1644 Torricelli aliandika kwamba tunaishi chini ya bahari ya hewa. Tiyo hukandamizwa na bahari hiyo mchana kutwa na haijawahi kuomba nyongeza ya mshahara.

Gari langu ni Corolla ya miaka ya 1990, iliyotoka Japani na kuja kwetu kama nyingi zinavyokuja, kwa Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa, usukani ukiwa kulia katika nchi ambayo nayo huendesha kulia. Lilikuwa halina kosa. Kosa lilikuwa kwa mpwa wangu, aliyeona kwenye simu kwamba ukitoa sanduku la plastiki la filta na kuweka filta nyekundu yenye umbo la pia, gari hunguruma kama simba. "Mjomba, litakuwa na nguvu," akaniambia. Akalipeleka kwa fundi kijana, sanduku likang'olewa, na tiyo zilizokuwa zimechomekwa humo zikabaki zikining'inia kama watoto waliosahauliwa shuleni.

"Na hizi?" nikauliza.

"Izo hazina na kazi, papa."

Moja akaiziba kwa bulon, yaani bolti. Moja akaiacha wazi, ikawa inavuta vumbi jekundu la avenyu yetu na kuipelekea injini kama chakula. Na ile nyembamba aliivuta bila kuitazama, ikapasuka shingoni.

Tangu siku hiyo kapteri ikawa inasikia hewa ya nje badala ya ombwe, na ikauarifu ubongo kwa nia njema kabisa kwamba tumekanyaga mpaka mwisho na tunapanda mlima. Lubumbashi haina mlima, ukiacha ule wa masalio ya shaba. Ubongo, mtumishi mtiifu, ukamimina petroli. Tukawa tunatoa moshi mweusi kwenye kila mzunguko, na ngurumo ya simba ikaishia kikohozi.

Hapa ndipo fadhila kuu ya tiyo ilipojidhihirisha, nayo ni kutoa ajira. Mwaka 2003 Gécamines ilianza kuwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000, na watu wenye shahada wakajiuliza watakula nini. Wangeiuliza tiyo. Kwa ufa mmoja, usiozidi upana wa ukucha, ilimlisha kwanza muuza bujii, zile plagi za cheche, maana kila mtu aliyesikia gari likikohoa alisema bujii. Bujii mpya nne. Ikamlisha msafisha injekta, aliyezirudisha ziking'aa. Ikamlisha muuza pampu za petroli. Ikamlisha kijana mwenye kile kikompyuta wanachokiita valizi, ambaye alisoma kwamba mchanganyiko una petroli nyingi, jambo ambalo pua ya mke wangu ilikuwa imelisoma bure, kisha akaniuzia kapteri ya ekzosi. Ikamlisha mama wa bukari, ugali wetu, pale garajini, kwa kuwa nilikuwa mteja wake wa mchana siku kumi na moja. Vijana watatu wa kusukuma. Waendesha pikipiki, sina hesabu. Ikamlisha hata mchungaji, aliyeliombea kwa dola 5, na kwa haki yake niseme kwamba katika wote hao ndiye pekee aliyeweka mkono juu ya injini kabla ya kupokea pesa.

Kuna mmoja alikuja na saa ya kupimia ombwe, kifaa halisi, nikafurahi. Sindano ikasimama kwenye inchi 15 za zebaki. Akafungua kitabu: injini nzima husoma kati ya 18 na 22. Akavua kofia kama mtu aliyefika msibani na kunitajia bei ya kufungua injini yote. Kitabu kimeandikwa kwa watu wa pwani! Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yetu ina uzito pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane, na sindano huanguka inchi nne kwa sababu ya mahali tulipozaliwa tu. Nusura nilipe dola 600 kwa kosa la jiografia.

Na kapteri ya mzigo, dola 45, ilikuwa nzima! Nzima kabisa! Ninayo kwenye droo mpaka leo, na ile niliyouziwa badala yake ni ya mtumba, iliyochoka kuliko yangu. Hakuna hata mmoja, katika watu wote hao waliokula kwangu, aliyeuliza swali moja.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Tiyo pia hufundisha sala: ile nene ikilegea, pedali ya breki hugeuka jiwe, nawe hukumbuka rozari nzima kabla ya kufika soko la Kenya, hapahapa mjini. Na ni nafuu sana.

Aliyeuliza swali alikuwa mzee mmoja mstaafu. Alichukua kipande cha mpira, akatia ncha moja sikioni na nyingine akaitembeza juu ya injini, polepole, kama daktari kwenye kifua cha mtoto. Ssss. Akainua ile shingo iliyopasuka. "Hii ilikuwa inaenda wapi?" Akakata tiyo mpya kwa wembe, sentimita 30, akailowesha mdomoni, akaisukuma mpaka ikakaa. Injini ikashusha sauti papo hapo, kama mtu aliyeombwa radhi. Faranga 3,000. Kisha akaitoa ile bulon akinieleza: tiyo inayotoka mbele ya kipepeo inataka hewa safi, irudishe kwenye filta, inayotoka nyuma ya kipepeo inavuta, ukiifungua umetoboa pafu, ukiiziba kuna mtu umemkaba.

Katika miezi hiyo minne, lazima niseme, gari langu lilipata cheti cha ukaguzi wa ufundi. Breki: nzuri. Moshi: mzuri. Aliyekitia muhuri hakufungua kapo, yaani boneti, na nisimlaumu, kwa kuwa gari lilikuwa garajini na mimi nilikwenda ofisini kwa miguu. Kwenye tiyo ya servo kuna klape ndogo inayoruhusu hewa ipite upande mmoja tu, ikishatoka hairudi. Ofisi zetu hazijaelewa sehemu nyingine yoyote ya mfumo huu, lakini klape hiyo zimeielewa vizuri kuliko Wajapani.

Jumamosi iliyopita askari mmoja wa barabarani alinisimamisha. Injini ilikuwa ikizunguka kimya, bila moshi, na nilimwona akisikiliza kwa huzuni. Akaangalia taa. Akaangalia cheti, akatikisa kichwa kwa heshima. Mwishoni akazunguka upande wa kushoto, akauingiza mkono dirishani, kiganja juu, kwa mazoea ya miaka, na kiganja kikasimama pale juu ya kiti kitupu, huku mimi nikiwa upande wa pili nimeshika usukani, tukingoja wote wawili nani atakuwa wa kwanza kusema.