Ratiba Isiyo na Maji

Ratiba ya safari yetu ya Lamu ilikuwa na rangi tatu. Kijani ilikuwa chakula, buluu bahari, na nyekundu ni yale mambo ambayo Mweka Hazina aliyaita "yasiyojadiliwa". Kwa nyekundu ndipo alipoandika: Ijumaa, saa 4 kamili asubuhi, kung'oa nanga. Mweka Hazina wetu ni mtu wa benki, idara ya mikopo, na kwake kuchelewa ni jambo la kutozwa faini.

Mpango wenyewe ulikuwa mtamu. Tungekodi jahazi zima sisi wanne, tulale humo humo, tuzunguke Manda, tuguse Manda Toto, tufike Pate, turudi na picha za kuwaumiza waliobaki Nairobi. Arubuni ilitumwa kwa simu mapema. Mwenyekiti, mwalimu wa sekondari ambaye ndiye aliyefungua kundi la WhatsApp, aliweka picha ya tanga lililotuna kwa upepo, na kwa wiki kadhaa kundi zima likaandikiana kwa lugha ya mabaharia.

Maswali ya bahari niliulizwa mimi, kwa kuwa natoka Mombasa. Watu wa bara huamini kwamba mtoto wa Mombasa huzaliwa na mapezi. Bahari mimi naijua kwa kuvuka Likoni juu ya feri, nimebanwa kati ya lori na mkokoteni, hata tone halinigusi. Lakini wakiniuliza kusi ni nini, nawajibu, "Upepo," nao wanaridhika.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na kwenye likizo ya Agosti bahari ya nje ya visiwa bado imechafuka. Wenye vyombo vidogo hujibanza ndani, kwenye mikondo. Haya tuliambiwa na nahodha wetu siku tuliyofika, akiwa amechuchumaa chini ya jahazi letu. Chini yake, narudia. Jahazi lilikuwa mchangani, limeegemezwa magogo, mbao za ubavuni zimeng'olewa, na kupitia tundu lile ungemwona mbuzi upande wa pili akitafuna katoni. Fundi alikuwa akisokota pamba, anaichovya kwenye mafuta ya papa, kisha anaipigilia katikati ya mbao kwa patasi butu, tok, tok, tok, kwa mwendo wa mtu ambaye hakuna aliyemtumia ratiba. Mafuta ya papa yakikuingia puani huhamia humo na familia. Daktari, ambaye ni daktari wa meno, alianza kulewa bahari hapo hapo, miguu yake ikiwa nchi kavu.

"Kesho, inshallah," nahodha akasema.

Mweka Hazina akauliza kesho saa ngapi.

Nahodha akamtazama kwa huruma. "Mai yakiyaa."

Mwezi ulikuwa umeandama, ni bamvua. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hujaa kati ya saa 10 na saa 11, alfajiri na jioni, na inapofika saa 4 asubuhi yamekwenda zake kabisa. Kila siku yanasogea mbele kama dakika 50. Maana yake ni kwamba katika saa 24 alizopewa na Mungu, Mweka Hazina alikuwa amechagua, kwa wino mwekundu, ile ambayo vyombo vya Lamu vimelala ubavu.

Arubuni, kwa upande wake, ilikuwa imeshageuka mbao. Tulionyeshwa: hii hapa, na ile kule. Mweka Hazina akaigusa moja, akaona imeshapigwa misumari, akanyamaza. Suluhu ikapatikana kwamba mpwa wa nahodha atupeleke Takwa kwa mashua ndogo ya mashine bila malipo, na fedha zilizobaki tutafidiwa "mkija tena". Maneno hayo yaliingia daftarini yakiwa na alama ya kuuliza.

Mji wa Lamu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na vichochoro vyake vilipimwa kwa watu wawili wapishane na punda mmoja. Mwenyekiti alikuwa amekuja na sanduku la magurudumu. Tulitembea likitukokotea kelele nyuma yetu, wazee wa barazani wanakatiza mazungumzo hadi tupite, mpaka gurudumu moja likachagua kubaki mtaroni. Tukakodi punda. Huyu hakuomba arubuni wala hakutaja kesho. Alibebeshwa sanduku, akatangulia, na tulipofika nyumba ya wageni tulimkuta mlangoni anatusubiri.

Takwa iko ng'ambo, kisiwani Manda, na mlango wake ni mkono mwembamba wa bahari unaopenya kwenye mikoko. Watu wake waliuhama mji huo karne ya 17. Waliacha msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la mnara ambalo watu wa kijiji cha Shela mpaka leo huenda kulizuru na kuomba mvua. Mwenyekiti alipiga picha jiwe moja moja. Kijana wetu, yule mpwa wa nahodha, alitwambia twende, kwa upole. Baadaye akatwambia tena akiwa amesimama. Kisha hakusema kitu. Alikwenda akaketi ndani ya mashua, mashine ameiinua, pondo mkononi. Tulipomfuata, maji yaliyotuleta yalikuwa yameondoka bila kutuaga.

"Tumepwelewa," akasema.

Kuna watu ambao hujulikana siku ya vita. Sisi tulijulikana siku ya tope. Tope la mikoko linafika magotini, linanuka mayai viza, na likikopa kiatu halirudishi. Daktari alivua viatu vyake vya ngozi akavining'iniza shingoni kwa kamba zake. Mwenyekiti alifunga leso kiunoni akashuka bila maneno, na hapo nikajua kwa nini wanafunzi wake humwogopa. Mweka Hazina alikataa kushuka kwa sababu yeye ndiye aliyebeba fedha za kikundi, na fedha hazitakiwi kulowa. Basi tukamsukuma, ameketi wima katikati ya mashua, mkoba kifuani, akituelekeza kushoto na kulia. Kijana akanong'ona kwamba kinachokwamisha ni uzito. Kura ikapigwa, tatu kwa moja. Mguu wake wa kwanza ulizama hadi pajani, na ndara yake ya kulia iko Manda hadi ninapoandika.

Aliyetoa wazo la boti ya abiria ya Pate hajulikani. Kila mmoja anamtaja mwenziwe. Tulimkuta utingo gatini, tukauliza saa ya kuondoka, akajibu "alasiri", na Mweka Hazina, ambaye sasa alikuwa na viatu vipya vya plastiki, hakuuliza alasiri ipi. Boti ilipakiwa saruji, magodoro, kreti za soda, mabati, trei za mayai, na mlango mzima wa mbao pamoja na fremu yake. Baadaye tukapakiwa sisi, juu ya saruji. Kamba haijafunguliwa, tayari Mwenyekiti ameshapewa mtoto wa watu ashike. Mama mwenye mtoto alikwenda nyuma kuamkia jamaa zake na hatukumwona tena hadi Pate. Daktari alikabidhiwa mayai na bibi mmoja aliyemwangalia vidole. "Wewe mwanangu mikono yako imetulia." Ilikuwa imetulia kweli. Alitapika njia nzima, upande wa demani kama alivyoelekezwa, na hakuna yai lililopata ufa.

Mkanda ni mfereji kati ya Manda na bara, mikoko kulia, mikoko kushoto, na maji yakiwa haba hakuna njia. Nahodha wa boti alikuwa ameng'oa nanga mapema kwa hoja kwamba maji yatatukuta mbele. Hayakutukuta. Boti ilisita, ikakwaruza tumbo, ikatulia.

"Wazito mbele!" utingo akapaza sauti.

Kimya. Ndani ya chombo kile chote, hapakuwa na mtu mzito. Kila mmoja alitazama mikoko. Mwishowe yule bibi wa mayai akanyoosha kidole: "Wewe bwana wa mkoba, usijifanye husikii." Mweka Hazina akaenda mbele, na wanaume wengine, aibu ikiwa imeshafunguliwa mlango, wakamfuata. Vijana wakaruka majini kusukuma. Tukaondoka. Bibi akatoa mikate ya mofa kwenye kikapu akaigawa kwa wote, wazito kwa wepesi.

Mzee mwenye mlango alikuwa karibu yangu. Mlango ulikuwa wa nyumba ya binti yake anayeolewa, na nilisimuliwa habari zake zote, aliyeuchonga, aliyemcheleweshea bawaba, mkwe mtarajiwa ambaye alitaka wa chuma. Katika jahazi letu la kukodi tungekuwa wanne, tunatazamana na kugombania mto.

Mzee huyo ndiye aliyetukataza kutafuta pa kulala. Mgeni halali gatini, alisema, na tukateremka naye Mtangawanda, gati ya Pate, tukamsaidia kupandisha mlango. Mkewe alitukaribisha kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatungoja tushibe, ndipo akauliza, "Mumekuja kwa nani?"

"Kutembea tu, mama."

"Na kazi zenu mumemwachia nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu.

Pate ya Wanabahani, watawala wake wa zamani, leo ni kuta zilizobomoka na tumbaku iliyostawi ndani yake. Siyu tulikwenda kesho yake kwa bodaboda. Ngome yake inatazama mkono wa bahari, na ukisimama pale na tope lile mbele yako unaelewa vizuri zaidi ilikuwaje jeshi la Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, likashindwa Siyu mwaka 1844. Mwenzetu mmoja alitazama mkono ule na kusema angewashauri askari wale kuhusu viatu. Mtembezi wetu akatueleza habari za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na mkewe Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858 akimuusia namna ya kukaa na mume. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akauliza ule wa waume uko wapi.

Usiku wa mwisho Daktari alitaja kazi yake. Mama mwenye nyumba alimuuliza tu, naye akajibu, wali mdomoni. Isha haijaadhiniwa, baraza imejaa. Hakuwa na kifaa ila kijiko kilichochemshwa na tochi ya simu yangu, na hakufanya zaidi ya kutazama: hili sukutua maji ya chumvi, hili nenda hospitali Lamu usingoje, hili halina kitu, babu, ni fizi. Ualimu ukampanda Mwenyekiti, akapanga foleni, wazee mbele. Mweka Hazina akaandika majina. Walioshukuru walileta nazi na kaimati, mmoja akaleta kuku hai, ambaye aliingizwa daftarini kama mapato mengineyo na kurudishwa kwa mwenyewe kama msaada.

Boti ya kurudi ilikuwa ya alfajiri. Tulitoka gizani na mabegi yetu, tukamkuta mlangoni mtu aliyejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini.

"Daktari, hili moja tu."

Kutazama jino ni kazi ya dakika mbili. Historia ya jino lile ilianzia kaskazi ya mwaka juzi. Tochi ikiwa mdomoni, simu yake ikaita, na sauti ikasikika hadi kwetu: "Nahodha, mai yanapwa!" Akainua kidole kimoja kuomba subira, mdomo wazi.

"Ling'olewe," Daktari akasema. "Leo, ukifika Lamu."

"Kung'oa kunauma?"

"Ukichomwa ganzi, hapana."

"Na hiyo ganzi yenyewe?"

Simu ikaita tena.

Mtangawanda tulifika jua limechomoza. Boti ilikuwa imeegemea ubavu mmoja, na abiria wamekaa juu ya mizigo yao mchangani, wote wametugeukia. Yule bibi alikuwapo, na trei zake tupu.

"Ni wale wa Nairobi," akawaambia wenzake. "Ndio waliotucheleweshea nahodha."

Nahodha akashika shavu, akatutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wageni hawa," akasema, "hawajui maji."