Laki Nane na Nusu

Kwenye kikao cha nne cha harusi ya mdogo wangu, mweka hazina alisimama, akakohoa, akasoma mahesabu. Ahadi: milioni nne na laki sita. Taslimu: milioni moja na laki mbili. Akakaa. Kila mjumbe akaanza kuikodolea macho soda yake kana kwamba ndiyo iliyomtuma kuahidi.

Hapo ndipo mpambaji alipokaribishwa ndani kutaja bei. Ni dada wa hapahapa Turiani, mpole, mwenye daftari. Akataja vitambaa, meza kuu, viti vya maharusi, maua na vijana wake wawili: laki nane na nusu. Mjomba, mwenyekiti wetu, akamshukuru kwa heshima zote, akasubiri atoke, kisha akauliza kama vitambaa hivyo vimefumwa na malaika. Kwa sisi Waluguru, mjomba akiuliza swali la namna hiyo, jibu ameshalipitisha.

"Hivi ukoo mzima tumekosa watu? Kufunga kitambaa kwenye nguzo nako ni kusomea?"

Nikanyoosha mkono. Mpaka leo sijui ulinyanyuliwa na nani. Mimi nilikuwa katibu tu, kazi yangu mihtasari, ila usiku mbili mfululizo nilikuwa nimetazama video za mapambo kwenye simu, nikajiona nimehitimu. Nikasema nipewe laki na themanini, nipambe mwenyewe. Wakanipigia makofi. Sijapigiwa makofi katika ukoo huu tangu nifaulu darasa la saba.

Kazi nyingine ziligawanywa haraka, kabla ari haijapoa. Keki, binamu. Muziki, spika za kuazima. Ushereheshaji, mjomba mwenyewe. Chakula hakikujadiliwa hata kidogo, maana ilijulikana ni cha akina mama.

Kama katibu mwema nilimfuata mama mkubwa na kalamu yangu. Kilo moja ya mchele kwa watu sita, wageni 300, kwa hiyo kilo 50. Akanitazama kwa huruma.

"Hao ni walioalikwa, mwanangu. Wanaokuja je?"

Akapika kilo 80, mchele wa hukuhuku bondeni, masufuria matano juu ya mafiga, makaa yakipaliwa juu ya mifuniko, maji akiyapima kwa kidole. Hakuna aliyelala na njaa, na watoto wakagombea ukoko. Watu husema chakula tulijifanyia wenyewe. Si kweli. Mama mkubwa amepika harusi na misiba ya Turiani tangu mimi sijaota meno. Yule ni fundi kuliko mafundi, ila hatoi risiti.

Turudi kwangu. Nilikwenda Morogoro mjini, Soko la Chifu Kingalu, nikarudi kwa njia ya Dakawa na Magole nikiwa nimepakata jora zima la kitambaa cheupe. Kwenye video harusi zote zilikuwa nyeupe. Ilikuwa Agosti, mwezi tuliouchagua kwa makusudi, na kamati ilijisifu sana kwa kuikwepa masika. Ijumaa alasiri nikafunga, nikakunja, nikachomeka pini. Kufikia saa kumi na mbili jioni uwanja wa mjomba ulikuwa kama mawingu yameshuka kutoka milima ya Nguru kuja kupumzika. Nikapiga picha kumi na saba, nikazituma kwenye kundi la ukoo.

Aliyekulia Turiani ameshaanza kucheka.

Agosti ni msimu wa miwa. Shamba huchomwa kabla ya kukatwa, majani makavu yateketee na nyoka wakimbie, wakataji wapate kuingia. Moto hupita upesi, na miwa yenyewe hubaki imesimama kwa kuwa imejaa maji. Kinachopanda angani ni majani, ambayo hurudi chini yakiwa masizi meusi, mepesi, marefu kama nyuzi, yakitua popote upepo utakapo. Kila mama wa hapa akiona ule moshi huanua nguo zake. Nami nimekua nikitumwa kuanua. Lakini jioni ile nilikuwa nimeshakuwa mpambaji, na mapambo si nguo.

Masizi ya miwa ukiyapuliza yanaondoka. Ukiyapangusa yanageuka wino. Mimi niliyapangusa, tena kwa kitambaa kibichi, tena nikaita wapwa zangu watatu wanisaidie. Kufikia saa mbili usiku mawingu yangu yalikuwa na mistari kutoka juu hadi chini.

Bodaboda ikasimama. Alikuwa yule dada mpambaji. Akanipa pole ya kweli, kama ya msiba.

"Mimi huwa nafunga Jumamosi alfajiri, kaka. Kwenye ile laki nane na nusu, nyingine ni ya kuamka saa kumi."

Kuhusu sherehe yenyewe nitasema machache. Keki iliinama, ikaegemezwa na katoni ya maji. Umeme ulikatika mara mbili. Mjomba alishika maikrofoni kuwatambulisha wakwe, na baada ya dakika tatu alikuwa uwanja wa Manungu, mwaka 1999, Mtibwa Sugar wakitwaa ubingwa wa Bara. Akavuka hadi 2000, wakautetea. Baba mkwe, Yanga wa damu, alikuwa akitazama saa.

Ndipo sauti ya mlevi mmoja ikauliza hiyo michirizi ni ya nini. Uwanja ukanyamaza. Mjomba hakupepesa.

"Hamjui? Hao ni pundamilia wa Mikumi! Kijana wetu kawaletea mbuga nyumbani!"

Vigelegele. Watu wakasimama kupiga picha na mistari. Mama mmoja aliyetoka Dakawa akanivuta pembeni: binti yake ana send-off Desemba, na haya ya pundamilia ndiyo hasa anayoyataka. Bei gani?

Nyuma yake hatua mbili alisimama dada mpambaji, aliyekuja kama jirani, na sahani yake ya pilau. Nikameza mate.

"Laki nane na nusu," nikasema.

Akaacha kutafuna.