Gari Linaloogopa Giza

Gari langu lilikuwa linaogopa giza. Mchana lilikwenda kama magari ya watu wengine, lakini jua likizama nikawasha taa, injini ilinywea kama mtu aliyekumbushwa deni mbele ya wakwe. Nikiongeza feni, inanywea zaidi. Kichekesho kilikuwa indiketa: kila ilipowaka, mlio wa injini ulishuka, ilipozima, ukapanda. Tulikuwa tunakata kona ya mtaani kwetu tukitikisa vichwa kama wanakwaya.

Fundi wa kwanza, bingwa wa plagi, alisema ni plagi. Nikanunua nne. Wa pili huuza pampu za mafuta, akatega sikio kwenye tangi dakika nzima na kutangaza kwa masikitiko kwamba pampu imechoka. Wa tatu alichomeka mashine chini ya usukani, ikamsomea hitilafu saba za sensa zisizojuana. Ni sawa na kwenda zahanati na kichwa kinachouma, ukatoka na malaria, taifodi na yutiai kwa mpigo. Sensa mbili nilizinunua, tano nikaziombea. Stata nayo ikaanza uvivu, nikanunua betri mpya. Mke wangu alinyamaza. Alikuwa na kesi yake tangu Pasaka: nani kachukua kamba ya chandarua.

Ndivyo tulivyofika Kitonga jioni moja, giza likiingia, tukiwahi sendofu ya mpwa wangu Iringa. Anayeujua mlima ule anazijua kona zake, mwamba upande huu na korongo upande ule, na malori ya Tunduma yanayopanda kwa kukoroma. Siku hiyo lori la saruji lilitupita sisi. Utingo akachungulia dirishani, akatupungia mkono kama watu wanaosindikiza msiba.

"Baba Neema," akasema mke wangu, "zima taa."

"Nizime taa Kitonga?"

"Basi tugeuze."

Tukateremka hadi Ruaha Mbuyuni. Huko, katikati ya wauza vitunguu, tulielekezwa kwa kijana fundi waya.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Usizime injini."

Mita yake ilikuwa imeviringishwa mpira wa baiskeli. Betri ikasoma volti 11.8, wakati injini ikiunguruma inatakiwa karibu 14. Alteneta, nikajisemea, mkono tayari uko kwenye pochi. Kijana akaniambia nitulie. Akaacha ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine akaigusisha kwenye chuma cha injini. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma 2.4.

"Mzee, injini haina athi."

Umeme ukimaliza kazi lazima urudi betrini. Injini imekalia mipira, haigusi bodi, kwa hiyo hufungiwa waya mnene wa kuurudisha. Waya huo ukikosekana, umeme hausubiri, unatafuta vichochoro. Wangu ulikuwa umepata kebo ya kukanyagia mafuta. Nikaambiwa niiguse. Ilikuwa ya moto, ganda limeanza kuyeyuka! Taa, feni, plagi, pampu, sensa, wote hao miezi minne wakisukumana kwenye uchochoro mmoja, nami juu yao nakanyaga tu.

Kijana akamulika kwa simu kuutafuta ule waya mnene. Ulikuwepo, mzima kabisa, umekunjwa vizuri pembeni na kufungwa kwa kamba ili usining'inie.

"Fundi gani huyu kafanya hivi?" akacheka.

"Mafundi wa mjini hawa," nikasema kwa uchungu.

Sasa, kuhusu Jumamosi ya Pasaka. Niliamua kuosha injini mwenyewe, niokoe shilingi 10,000. Kulikuwa na waya unanizibia brashi, nikaufungua. Wakati wa kurudisha, boli lake lilikuwa limejificha. Lilipoonekana baadaye nilikuwa nimeshafunga boneti na kunawa, nikalitupia kwenye kisahani cha majivu pamoja na sarafu, nikiamini kwamba Wajapani huweka moja la akiba.

Kijana akauliza kama tuna boli lolote la namba 12. Kabla sijafungua mdomo, mke wangu alikuwa ameshavuta kisahani cha majivu.

Kijana akakwangua kutu, akakaza. Tukawasha taa, feni, hata waipa kwenye kioo kikavu. Injini haikutikisika, mita ikasoma 14.1. Akadai elfu tano, nikampa zile 10,000 nilizookoa Pasaka na kumsihi afunge boneti haraka. Nilichelewa. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mwanga wa taa zetu mpya, akiligeuzageuza lile fundo.

Tulipanda Kitonga vizuri sana. Mpaka Ilula hakuna aliyesema neno, na kamba ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa.