Sifa za Herufi P

Washairi wa Tanga wamesifu minazi, bahari, wanawake wazuri na hata samaki, wala hakuna aliyewahi kuitungia P ubeti mmoja. Mimi imenikosesha usingizi, kwa hiyo nina haki ya kuanza.

Msomaji uliyepita shule huijui. Namba yako ya mtihani wa taifa ilianza na S. Ya kwetu watahiniwa wa kujitegemea, tuliosomea barazani kwa mama hapa Mabawa, huanza na P. Herufi hii hufundisha kuwahi: ukizubaa mpaka dirisha la faini, ada ya kidato cha nne ya 50,000 inakuwa 65,000. Hufundisha subira: kwanza mtihani wa maarifa (QT), ndipo kidato cha nne, kisha krediti tatu, ndipo uruhusiwe kuota kidato cha sita. Tena huokoa sabuni, maana hakuna sare ya kufua.

Lakini fadhila yake kuu ni vyeo. Fomu ya kujiunga na chuo ilidai jina la shule, sahihi na muhuri wa mkuu wa shule, na barua ya tabia. Hapo ndipo nilipogundua kuwa familia yetu imekuwa ikiendesha sekondari bila usajili. Mkuu wa shule ni mama, mwenye kiti cha plastiki na ufunguo wa kabati. Kengele ni muuza vitumbua, anayepita saa kumi na mbili na nusu hata mvua inyeshe. Nidhamu iko chini ya bibi. Hajui kusoma, ila anajua kutofautisha kimya cha anayesoma na kimya cha anayechezea simu. Jiografia ilikuwa ya mjomba, utingo wa lori, aliyeifundisha kwa mizani na vituo vya ukaguzi kutoka Horohoro, Segera, mpaka Tunduma. Walimu watatu kwa mwanafunzi mmoja! Shule gani ya mkoa huu itathubutu kushindana? Kikao cha wazazi kilikaa kila usiku kwenye sinia la wali. Utoro haukuwepo, kwani mtoro angetorokea wapi, nyumbani? Tulipungukiwa na muhuri tu, na mafundi mihuri mjini wamejaa.

Karani wa udahili, wa chuo nisichokitaja, aliitazama namba yangu akasikitika. "Mwanangu, P? Kwa hiyo mara ya kwanza ulifeli?"

"Sikufeli, mama. Sikupita shule."

"Sasa hii elimu uliitoa wapi?"

Sifa zisubiri kidogo. Niliitoa kwenye karatasi ile ile, Mei ile ile, kwa maswali yale yale, msimamizi akipita nyuma ya kiti changu, na aliyesahihisha hakujua baraza letu liko wapi. Mwenye S huingia chumba cha mtihani akiwa na alama endelevu za darasani. Mwenye P huingia mikono mitupu, akitoka na daraja ni la siku hiyo. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inauliza kama una ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. Haiulizi kiti chako kiliwekwa wapi. Basi kisanduku cha muhuri wa mkuu wa shule kilitoka wapi? Kilitoka kwenye fomu ya mwaka jana, iliyonakiliwa kutoka ya mwaka juzi, na kila aliyenakili alilipwa mshahara.

Chuo Kikuu Huria kinafundisha watu majumbani mwao tangu 1994, na shahada zake zinaheshimiwa. Yaani kumaliza chuo kwa kusomea nyumbani ni halali, kasheshe ni kukiingia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa Tanga, alikaa darasani Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926 tu. Leo vitabu vyake vinatahiniwa vyuoni, na mwenyewe angerudishwa dirishani akatafute barua ya tabia.

Ninyi mnaotayarisha fomu za mwaka ujao, muda bado upo. Ongezeni mstari mmoja: mtahiniwa wa kujitegemea aruke sehemu ya mkuu wa shule. Nawe mama wa dirishani, ukikutana na P, soma na madaraja yaliyoandikwa mbele yake.