Sifa za Kumbukumbu Mbovu

Watu wa pwani hii wamekwisha kusifu kila kitu: jahazi, pweza, korosho ya Newala, hata gesi ya Mnazi Bay tangu ilipogunduliwa mwaka 1982. Sijamsikia aliyeisifu bodi ya kumbukumbu iliyoharibika ndani ya seva. Deni hilo nalilipa mimi, kwa kuwa niliishi nayo chumba kimoja majuma matano, na tabia yake naijua kuliko wanaoitukana.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya ofisi moja mjini Mtwara, jina nalihifadhi. Kiyoyozi kimoja, ndoo ya kukingia maji yake, reki moja, na seva ya mwaka 2014 yenye prosesa nne. Kila prosesa ilikuwa na bodi zake mbili za kumbukumbu, na kila bodi ilibeba vijiti 12 vya ramu. Miaka yote iliyokuwa nzima, hakuna aliyeuliza hali yake. Mkuu wetu alijua kompyuta ni ile skrini iliyo mezani kwake. Bodi moja ikaugua, stoo ikaanza kupata wageni.

Nianze na ukweli wake. Ramu ya kompyuta ya kawaida ikiteleza hukaa kimya, inakuandikia sifuri palipostahili moja na wewe unaendelea na kazi. Ya seva haina hulka hiyo. Kila biti 64 za data hufuatana na biti 8 za ulinzi: biti moja ikigeuka, inasahihishwa papo hapo; zikigeuka mbili pamoja, mashine inajua kwamba imekosea na inapiga kelele. Mbinu hii chanzo chake ni Richard Hamming wa Bell Labs, aliyechoshwa na kukuta kazi aliyoiacha mwisho wa wiki imekwama kwa sababu ya kosa dogo la mashine, akachapisha dawa yake mwaka 1950. Basi bodi yetu ilijishitaki yenyewe. Kila kosa ililiandika kwenye daftari la matukio, saa na dakika na namba ya kijiti, kisha ikawasha taa ya njano. Ofisi ile nani mwingine alikuwa na adabu hiyo? Mimi mwenyewe kitabu cha mahudhurio nilikuwa nakisaini saa moja na nusu, nikiwa nimefika saa mbili na robo.

Taa ile tuliibandika plasta. Ilikuwa inamkera mkuu kila apitapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kilituumbua wiki ya mishahara.

Mfumo ulipogoma, watu walikumbuka kwamba jengo lina masjala. Bi mkubwa wa masjala alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na wengi tulidhani kazi yake ni kugonga mihuri. "Mwanangu, hizo namba mnazozitafuta mimi ninazo," akaniambia. "Hamjaniuliza tu." Akashusha leja zilizofungwa kwa utepe, akapangusa vumbi kwa ncha ya kanga. Faili alilikumbuka kwa rangi ya jalada na kwa mtu aliyelimwagia chai. Foleni ikahamia kwake, na mkuu akaanza kumwamkia.

Na elimu je? Fundi mwenye haraka angeitupa bodi siku ya kwanza. Lakini katika seva za siku hizi msimamizi wa kumbukumbu amo ndani ya prosesa, kwa hiyo kosa la prosesa huweza kuvaa sura ya kosa la ramu. Dawa ni kuihamishia bodi kwa prosesa nyingine. Kosa likiifuata bodi, bodi ndiyo mkosaji. Likibaki palepale, mtazame prosesa au soketi yake. Nikahamisha. Kosa likafanya yote mawili, nusu likahama na nusu likabaki, kama wanandoa mbele ya kadhi. Ikabidi wote wawili wabadilishwe.

Vifaa vikaagizwa Dar es Salaam, nao ulikuwa Mei 2024. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kikafika pwani, mafuriko yakaikata barabara ya Kusini kule Somanga, boksi letu likakwama ng'ambo. Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Jumatatu wateja walikuja dirishani, na kabla sijafungua mdomo wakasema, "Tumesikia, bahari hiyo." Nikaitikia, "Bahari, ndugu zangu." Bodi haikusema uongo hata siku moja, uongo wote wa wiki ile ulikuwa wangu.

Boksi lilipofika nilizima seva, nikamchomoa mgonjwa. Mafundi wa bara huogopa umeme tuli. Hewa yetu nzito ya unyevu huupunguza sana, ila inatuletea chumvi. Upepo uleule unaokausha mashamba ya chumvi hupita dirishani na kukaa juu ya kila kitu. Meno ya dhahabu ya bodi yalikuwa na madoa ya kijani, kama pete ya bandia iliyoogewa baharini. Wiki ya kwanza niliyasugua kwa raba ya penseli, ikapona siku mbili.

Prosesa ndiyo iliyonitoa jasho. Soketi yake ni kiwanja cha vijinyaya 2,011, vyembamba kuliko sharubu za uduvi, na kimoja kikipinda umenunua hasara. Prosesa haisukumwi: unaiweka sawa na alama yake, unaiachia ikae kwa uzito wake. Kiyoyozi kilikuwa kimezimika na mashine. Bi mkubwa alinimulikia tochi ya simu, mkono wa pili akinipangusa kipaji kwa leso, maana tone moja la jasho lingetosha. "Bismillahi," akasema, akabana pumzi pamoja nami. Nikapaka ule ute wa kijivu wa kupitisha joto, nikafunga kipoozeo, nikaingiza bodi mpya.

Feni zikanguruma kama mashine ya kusaga. Skrini ilikaa nyeusi dakika nyingi, seva ikijihesabia kijiti kimoja kimoja, kisha taa ikawa ya kijani. Kufika saa nane foleni ya masjala ilikuwa imekwisha, na stoo haikuingiwa na mtu tena hadi leo.

Bodi ya zamani Bi mkubwa aliniomba. Iko dirishani kwake, juu ya risiti ambazo hazijaingizwa kwenye mfumo. Kusi inavuma tangu asubuhi, na haijapotea hata moja.