Jinsi ya Kupima Usafi wa Kidonge Ukiwa Tunduma

Malori ya Zambia na Kongo yamejipanga foleni, na wewe mkononi una vidonge vyeupe vya paracetamol ulivyouziwa kwa bei ya huruma. Ni vyenyewe? Muulize muuzaji. Akijibu "orijino, bosi", kazi imekwisha.

Ukiona bado moyo unasita, lamba. Paracetamol ni chungu, kwa hiyo kila kichungu ni paracetamol. Kwinini nayo ni chungu, na mwarobaini pia, lakini hilo lisikuvuruge. Maabara ya ulimi ina umri mkubwa kuliko mkoa wa Songwe wenyewe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Wabishi ndio hukimbilia mashine ya infraredi. Humo sampuli humulikwa kwa mwanga usioonekana, na kila kifungo cha atomu hutikisika kivyake na kufyonza sehemu yake ya mwanga. Mchoro hutoka na mabonde. Paracetamol ina bonde kali karibu na 1650, la kaboni na oksijeni, na jingine karibu na 3320, la naitrojeni na haidrojeni. Vipimo ni mawimbi kwa kila sentimita. Chini ya 1500 ni vurugu tupu, ila ndiyo alama ya kidole inayolinganishwa na ya dawa halisi. Chokaa hujitangaza yenyewe: bonde pana karibu na 1420, jembamba karibu na 875.

Ukikuta bonde karibu na 2350, usitangaze sumu mpya. Ni kabonidioksaidi, pengine pumzi yako mwenyewe.

Usisage kidonge kizima ukakipima hivyo hivyo, kisha ukapiga kelele kwamba kina wanga. Hata kidonge halali mara nyingi huwa nao, ndio unaokishikiza. Mkemia huiyeyusha dawa kwa asetoni, akachuja, akakausha, ndipo akapima. Mlambaji hana muda huo.

Mchoro ukifanana, uning'inize dukani kama cheti cha usafi. Usimwambie mteja kwamba infraredi ni hodari wa kutaja jina la dawa, lakini uchafu ulio chini ya asilimia moja kwa kawaida haiuoni. Kwa paracetamol, mabaki ya aminofenoli hudhibitiwa kwa viwango vidogo kuliko hapo. Kuyanasa kunahitaji kromatografia, yaani mashine nyingine ghali, subira, na mtu asiyeuza dawa.