Jinsi ya Kumwachia Mungu Shamba, na Jembe Ukabaki Nalo

Vifaa: jembe, kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya moshi wa jikoni tangu mavuno, na anga lisilo na wingu hata la kusingizia. Wingu likiwepo, ahirisha somo. Siku ya wingu kila mtu ana imani.

Mahali pa kujifunzia ni Dodoma, Novemba inapoelekea ukingoni. Huku msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Ndiyo maana wengi wetu hupanda vumbini, kabla halijadondoka tone, ili mvua ya kwanza iikute mbegu imeshatangulia. Ukisubiri udongo ulowe ndipo uanze kulima, umeshapoteza siku, na siku zenyewe ni za kuhesabu.

Mimi nilifundishwa na mama mkwe. Alikwangua shimo fupi kwa ncha ya jembe, akatupia punje tano au sita, akafukia kwa unyayo bila kutazama chini, akasogea hatua moja. Midomo ilikuwa inachezacheza. Nilidhani anahesabu mashimo, kumbe anaomba. Basi fuata mwendo huo: sala ikukute jembe liko mkononi.

Mbegu ichague vizuri, maana Mungu hastahili kupelekewa punje zilizobunguliwa. Mtama wa Macia, ulioidhinishwa nchini mwaka 1999, hukomaa mapema. Upande wa uwele kuna mbegu mbili zilizotolewa mwaka 1994, moja inaitwa Okoa na nyingine Shibe. Ukichoka kuomba kwa urefu, taja mbegu zako tu, sala imetimia. Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilize. Kuusikiliza si kumtilia Mungu shaka.

Kibuyu usikimalize. Panda nusu, nusu irudi kwenye moshi. Hapo ndipo nilipomuuliza mama mkwe kama kubakiza mbegu si kukosa imani.

"Mwanangu," akanijibu, "mvua namwomba Mungu. Tarehe sijampangia."

Sasa uje usiku, ambao ni mgumu kuliko kulima. Usiamke saa nane kwenda kuchungulia anga. Mweleze Mungu haja yako, kisha usimfundishe namna ya kuitimiza. Nasema hivyo nikijua uzito wake: ulichokizika mchana kingeweza kuwa uji wa watoto, na watoto wamelala hapo karibu, unawasikia wanavyopumua. Anayemtegemea Mungu si yule asiyeogopa. Ni yule anayezika chakula udongoni huku moyo unamdunda. Wa mjini mnayajua haya kwa ada ya shule na majibu ya vipimo. Usiku wake ni huu huu.

Ikitokea mvua ikanyesha ng'ambo ya barabara tu, kwako vumbi, kwa jirani madimbwi (na huku hutokea, nimeona mpaka wenyewe umechorwa ardhini), nenda kampongeze kabla ya saa sita mchana. Ukichelewa, wivu utaota kabla ya mtama.

Na hili nalisema kwa uchungu: usimwambie mtu ambaye shamba lake limekauka kwamba imani yake ni haba. Usimwambie kabisa, hata kwa sauti ya upole, hata kanisani. Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilizichipusha mbegu zetu, shamba likawa kijani, tukashukuru. Kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo. Ukiushika mche, unasagika vidoleni kama tumbaku. Imani ya nani ilipungua pale? Ya mama mkwe, anayeomba hata anapochochea moto? Siku ile alikaa kwenye kigoda mpaka giza likaingia, hakusema neno, na mimi sikumtafutia neno. Nilikaa karibu naye tu. Nadhani hata kunyamaza kule Mungu alikupokea.

Alfajiri nikasikia kitu kinakwaruza jikoni. Alikuwa amekishusha kibuyu, anazungusha gunzi lililoziba mdomo wake. Akamimina punje kiganjani, akazipuliza masizi, akaniuliza jembe langu nimeliweka wapi.